Matroni wa Sufuria ya Nyama

Alikozaliwa sikuwahi kuuliza, na mambo ya ukoo wake wapo wanaoyajua kuliko mimi. Mimi nilimjua akiwa amesimama. Kwa miaka yote ya ujirani wetu pale Nyasho, Musoma mjini, kila nikimkumbuka namkumbuka hivyo hivyo: mwisho wa meza ndefu ya chakula, khanga imefungwa kiunoni, upawa mkononi, sufuria ya nyama mbele yake, na macho yanautazama mstari wa watu wenye sahani kama trafiki anavyolitazama gari ambalo bado liko mbali lakini ameshajua atalisimamisha.

Tulimwita Matroni. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana katika shule moja huko Bunda, akastaafu, akaja kujenga jirani na mimi, na cheo kikahamia pamoja na makochi. Hata watoto wa mtaani wasiojua matroni ni kitu gani walimwita hivyo, wakidhani ndilo jina alilobatizwa. Alikuwa mfupi, mwembamba, na kwenye shughuli alivaa kitenge cha sare ya kamati, kilemba kilichosimama, hereni za dhahabu, na chini raba nyeupe. Viatu vya kisigino, alisema, ni vya watu wanaokaa.

Hakuna aliyemteua. Kwenye vikao vya harusi vya mtaa wetu watu hubishana kuhusu kila kitu, kuanzia rangi ya mapambo hadi nani amfuate babu kijijini, lakini mwenyekiti akifika kwenye chakula alikuwa anasema tu, "Kwenye nyama atasimama Matroni," na watu wanaendelea na habari za maturubai. Harusi, sendofu za kuwaaga mabinti, kipaimara, ndoa za jirani zetu Waislamu wa kule sokoni, misiba. Popote palipokuwa na sahani na mstari, palikuwa na zile raba nyeupe.

Kwa asiyezijua shughuli zetu nieleze kidogo. Chakula hupangwa juu ya meza, watu wakaitwa kwa mafungu. Wanaanza wakwe, maana mkwe hasubiri. Wanafuata meza kuu, wazee, kamati, wafanyakazi wenzake bwana harusi, kwaya, na kadhalika mpaka mshereheshaji anachoka kutaja na kusema, "Na wengine wote mnakaribishwa." Hao wengine wote ndio waliokuja na lori kutoka kijijini. Wameamka alfajiri, wamekaa nyuma kabisa karibu na jenereta, na wakifika kwenye meza wanakuta wali wa ukoko, kabichi, na mpishi anayekwangua sufuria kwa sauti ili wajue kwamba anajitahidi.

Matroni alikuwa na shida moja tu katika haya yote, na aliisema kwa aliyetaka kusikia na asiyetaka. Mtu wa mwisho apate nyama. Siyo mchuzi uliowahi kukutana na nyama. Nyama.

"Nyie mnaangaliaga mbele," aliwaambia vijana wapya wa kamati. "Mi naangaliaga nyuma. Kule bwenini nilikuwaga nasimama kwenye dirisha la jiko, naona. Wa mwisho ni yuleyule. Leo yeye, kesho yeye. Wenzake wanabadilishana nafasi huko mbele, yeye habadilishani na mtu."

"Sasa si angewahi?" kijana mmoja aliuliza.

"Mguu wake ulikuwa mfupi mmoja," Matroni akasema, akaendelea kukunja vitambaa vya karatasi.

Kijana yule hakuuliza tena swali mwaka mzima. Lakini ndivyo nilivyoelewa kwa nini mwanamke mwenye pensheni yake na nyumba yake ya bati la rangi anakubali kugombana na watu wazima kwa ajili ya mapaja ya kuku. Hakuwa anawachukia wanaochomekea, wale wanaojipenyeza mbele bila zamu. Alikuwa anamwona mtu aliyeko mwisho, na kila aliyechomekea alikuwa anamsogeza mtu huyo hatua moja mbali na nyama.

Wanaochomekea aliwajua kwa mwendo. Kuna anayekuja mbele kusalimia. Anamwona shemeji yake aliyeshika nafasi ya tatu, anafurahi mno kama vile hawakuja kwenye gari moja, anaanza kuulizia watoto, na salamu ikiisha anajikuta ameshika sahani. Kuna wa dawa, ambaye daktari amemwambia asimeze kidonge tumbo likiwa tupu, ila daktari huyo hakumwambia awe na kidonge chenyewe. Kuna anayeomba chumvi tu. Huyu Matroni alimwogopa kuliko wote, kwa sababu chumvi huwekwa karibu na nyama. Akaihamisha. Kuanzia hapo kwenye shughuli zote za Nyasho chumvi ilikaa mlangoni, penye maji ya kunawa mikono, na wageni kutoka Mwanza walidhani ni mila.

Halafu kulikuwa na wa mtoto. Mama mwenye mtoto mchanga Matroni alikuwa anampitisha mbele mwenyewe, bila maneno, kwa kidole tu. Watu wakaligundua hilo. Kwenye sendofu moja pale Mwisenge akapita mama mwenye mtoto aliyevaa kofia ya njano. Baadaye kidogo akapita dada mwingine, amembeba mtoto mwenye kofia ya njano. Wa tatu alikuwa mwanamume, tena mwenye tai, amembeba mtoto yule kama mtu aliyebeba redio asiyoijua.

Matroni akaweka upawa chini. "Huyu mtoto," akasema, "ameshapita hapa akiwa na mama yake, akapita na shangazi. Wewe ni nani?"

"Mimi, mimi ni mjomba."

"Basi mjomba, mlete. Ameshakula sana leo, asije akaharibika tumbo mikononi mwako."

Akampokea, akamfunga mgongoni kwa khanga, akaendelea kupakua mpaka mtu wa mwisho. Mama mwenye mtoto alikuwa anacheza muziki na hakuwa na habari kwamba mwanawe ana wajomba wengi hivyo. Alipokuja kumchukua akamkuta amelala fofofo juu ya mgongo wa Matroni, kofia imemshukia usoni. Toka siku hiyo biashara ya kuazimana watoto ilikufa.

Hakuwa na makelele. Hilo watu wa nje hawakulielewa. Walisikia sifa zake wakatarajia kumkuta mwanamke wa kufoka. Alikuwa anasema kwa sauti ya mtu anayekuomba umpishe apite. Padri mmoja, mtu mwema kabisa, alikuwa na desturi ya kuja mbele kubariki chakula, akimaliza amina sahani iko mkononi na yeye yuko wa kwanza. Hakuna aliyethubutu kuliita jambo hilo kwa jina lake. Matroni akamsubiri hadi amina, akavua miwani, akasema, "Asante baba. Huku mbele baraka zimeenea. Kule nyuma wale wa kwenye lori bado." Padri akatazama nyuma, akatazama sahani, akaenda. Na kwa kweli alikuwa mtu mwema, maana shughuli iliyofuata alibariki chakula akiwa amesimama kulekule nyuma, kwa sauti kubwa, na akala wa mwisho, na akapata nyama. Alisema baadaye kwamba hakuwahi kujua ukumbi ule ni mrefu vile.

Sasa nisije nikamfanya malaika, maana malaika hawapangi foleni na yeye pia hakupanga. Mtu huyu aliyemrudisha padri, mahali pengine pote alikuwa mchomekeaji namba moja wa mkoa wetu. Benki alikuwa anaingia, anawasalimia watu wote waliokaa kwenye viti, "Shikamoo, marahaba, habari za hapa," na salamu ikiisha yuko dirishani. Stendi ya Bunda nilimwona kwa macho yangu akimwambia mkata tiketi kwamba ana wagonjwa. Hakuwa na mgonjwa hata mmoja. Tulipopanda basi nikamuuliza.

"Matroni, huku unapita watu na kule unawazuia?"

"Kwani hapa kuna nyama?" akasema.

"Hakuna, lakini..."

"Hili basi la huyu mtu lina viti vitupu mpaka nyuma. Wa mwisho atakaa. Hata ningepita watu wote, wa mwisho atakaa. Wewe Baba Neema unachanganyaga mambo."

Kuanzia Bunda mpaka tukaingia Musoma nilikuwa natafuta kosa katika maneno yale. Sijalipata hadi leo, na bado nadhani lipo.

Jingine ni lile bakuli. Chini ya meza, nyuma ya raba zake, lilikuwepo daima bakuli kubwa la plastiki lililofunikwa khanga ya pili. Kabla mkwe wa kwanza hajashika sahani, Matroni alikuwa ameshaliinamia akalijaza. Wanawake wa kamati waliona, na walichokiona wakakisema wanavyosema watu: kwamba Matroni ana jokofu nyumbani, kwamba mbwa wake ana afya kuliko watoto wa watu. Maneno yakamfikia. Hakukana, hakununa. "Wanaosema nabeba nyama," alisema, "siku moja waje wa mwisho."

Hakuna aliyekuja wa mwisho, kwa hiyo maneno yakaendelea. Mimi nilijua, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuwasha na kuzima jenereta, na mtu wa jenereta hula baada ya watu wote. Niliona bakuli lile likifunuliwa kwa ajili ya dereva wa lori, kwa ajili ya akina mama waliokuwa wanaosha masufuria, kwa ajili ya bibi kizee aliyelala kwenye kiti akapitwa na tangazo. Likiisha, alilifuta kwa khanga na kwenda nalo nyumbani tupu. Nyumbani kwake, nilikuja kujua, alikuwa anakula ugali wa muhogo na dagaa aliowapika asubuhi kabla ya kuja. Kwenye shughuli yenyewe sikuwahi kumwona akitia kitu mdomoni. Niliwaambia wale wanawake. Wakaniambia kwamba na mimi nimepewa.

Alishindwa mara moja tu, na aliyemshinda ni ziwa. Familia moja yenye uwezo iliamua kwamba sendofu ya binti yao haitafanyika ukumbini kama za watu wengine. Wakakodi boti kubwa ya kutembeza watu, ikapambwa maua, tukaondoka Musoma mchana na kuzunguka visiwa, muziki juu, chakula chini. Watu walivyonusa sato wa kukaanga wakaja wote upande wa meza, na boti ikalala upande huo. Glasi zikaanza safari. Nahodha akashuka akiwa amekunja uso.

"Nani anapanga hawa watu?"

Kila kidole kikamwelekea Matroni.

"Mama, wagawe. Nusu huku, nusu kule, la sivyo tutakula na samaki walio hai."

Matroni akaupanga mstari ukazunguka boti nzima, ubavu huu na ubavu ule, kupitia nyuma ya injini. Boti ikanyooka. Ikawa kazi nzuri sana mpaka mkia wa mstari ulipotokea upande wa pili na kukutana na meza. Watu wa mwisho waliona chakula kiko hatua mbili mbele yao, wakageuka tu, bila kumpita mtu yeyote, bila kumsukuma mtu yeyote, wakawa wa kwanza. Na walikuwa wanasema kweli kwamba hawajachomekea. Matroni akatazama kulia, akatazama kushoto, upawa hewani. Wa mwisho hakuwepo tena. Mtu yeyote ungeweza kusema ndiye.

"Hii siyo foleni," akasema mwishoni, "hii ni ngoma." Akanikabidhi upawa, akaenda kukaa kwenye rundo la kamba. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumwona amekaa kwenye shughuli aliyopewa upawa. Tulipofika gatini alisema ana kichefuchefu, na mimi nilimwamini nusu.

Lakini lililomweleza zaidi kuliko yote lilitokea Kibara. Mpwa wake Wegesa, mtoto wa kaka yake, aliolewa na mwalimu wa kule, na Matroni akaenda kama shangazi wa bibi harusi. Mimi niliendesha gari. Shangazi wa bibi harusi, ukweni kwa mpwa wake, ni mkwe wa wakwe. Hakuna kiti kilicho juu kuliko hicho. Wenyeji walikuwa wametandika zulia kutoka kwenye turubai la wageni hadi kwenye chakula, na mshereheshaji akatangaza, "Wakwe zetu, karibuni mtufungulie!"

Matroni akachukua sahani, akasimama, akatembea juu ya zulia mpaka mwisho wake, akaipita meza, akaenda kusimama nyuma ya watu wote, nyuma ya vijana waliokuwa wamekaa juu ya ndoo.

Muziki ukazimwa. Nyie mnaotoka mbali hamtaelewa. Mkwe akikataa kula wa kwanza ana jambo. Amekasirika, mahari ina kasoro, mtu amemtusi, binti yake anarudi nyumbani leo hii. Wazee wa pale wakakusanyika nyuma ya ghala kwa haraka kama watu waliosikia moto. Bwana harusi alikuwa amesimama na jasho linamtoka, Wegesa ameshika shela anataka kulia. Hakuna mtu aliyekula. Mwishoni akatumwa mzee mmoja mwenye fimbo, akamwendea Matroni kule nyuma, akavua kofia.

"Mama yetu, tumekosea wapi?"

"Hamjakosea."

"Tuambie tu. Tuko hapa kusikia."

"Nimesema hamjakosea, baba. Nimezoeaga huku."

Mzee akarudi nyuma ya ghala, akawaambia wenzake kwamba kosa ni kubwa kiasi kwamba hata kulitaja hataki. Wakaleta mbuzi. Beberu mkubwa, mweupe, mwenye kamba shingoni, akaletwa mbele za watu wote akakabidhiwa kwa Matroni kama faini ya jambo lisilojulikana. Hapo ndipo alipoona kwamba asipopita mbele ile ndoa itaharibika, akashika kamba ya mbuzi kwa mkono mmoja na sahani kwa mwingine, akapita mbele, akapakuliwa wa kwanza. Muziki ukarudi. Watu walipiga vigelegele kuliko walivyompigia bibi harusi. Kile chakula alikipeleka bila kukigusa kwenye lori lililoleta watu wa kijijini, akampa dereva.

Mbuzi tuliondoka naye. Alisema kumkataa kungezua kikao kingine.

Barabarani, mbuzi analia kwenye buti, nikamwambia kwamba angepita tu tangu mwanzo, ni heshima yake.

"Baba Neema, leo wananipisha kwa kuwa mimi mkwe. Sawa, hiyo ni mila, nimekosea, nimelipwa na mbuzi. Lakini mimi naziona siku zinakuja. Watanipisha kwa kuwa nimezeeka. Halafu watanipisha kwa kunihurumia, 'mwache bibi, mwache tu'. Wale wasichana wa bwenini nilikuwa nawarudisha nyuma kwa sababu ni watu. Mbuzi humrudishi kwenye mstari, unamfukuza tu au unamwacha. Sasa nikuambie, na usisahau. Siku mtakayoniacha nichomekee, mjue mmeshanizika."

Nilimwambia asiseme maneno ya mkosi tukiwa barabarani. Lakini sikusahau.

Kiharusi kilimpata miaka kadhaa baadaye, asubuhi, akifagia uwanja. Mkono wa kushoto ukalegea, mguu ukawa unaburuzwa, na vitu vikaanza kumtoka kichwani, leo jina la mtu, kesho jina la siku. Wegesa na mumewe, ambao kwa wakati huo walikuwa wamehamia Butiama, wakaja kumchukua. Raba nyeupe nilizifunga mwenyewe kwenye mfuko. Kwenye vikao vya mtaa ikifika habari ya chakula, mwenyekiti alisema, "Kwenye nyama..." halafu akasema, "Baba Neema basi." Mtu mwingine akachukua jenereta. Nikawa nasimama pale na upawa, na bakuli nyuma ya miguu yangu, na wanawake wa kamati wakaanza kusema kuhusu mbwa wangu.

Mwaka jana Wegesa akanipigia simu. Wifi yake anaagwa, sendofu ni hapo hapo kwao Butiama, tafadhali nije nisimame. Nikaenda. Nilimkuta Matroni amekaa mbele kabisa, kwenye kiti chenye mito, amevishwa vizuri, raba miguuni. Nikapiga magoti nikamshika mkono.

"Shikamoo Matroni."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

"Wa Nyasho, mama. Jirani yako. Baba Neema."

"Ah," akasema, akanitazama kwa adabu kama unavyomtazama mgeni. "Mmefika salama?"

Nilikwenda nyuma ya jiko. Iliniuma. Halafu nikafunga aproni, nikajaza bakuli, nikaliweka chini ya meza.

Wakwe wakaitwa. Watu wa upande wa bwana harusi wakajipanga, wamependeza, wazee kwa vijana, na nyuma yao meza kuu na wengine. Nilikuwa sijampakulia hata mmoja nilipoona watu wanajigawa. Matroni alikuwa ameinuka. Fimbo mkono wa kulia, sahani ameibana kwapani, anaburuza mguu ule, anakuja ubavuni mwa mstari. Hakutazama kushoto wala kulia.

"Mpisheni bibi," mtu akasema.

"Mwacheni, mwacheni tu, anaumwa."

Mshereheshaji naye akadakia kwenye kipaza sauti, "Tumpishe bibi yetu jamani, wazee ni dhahabu!" Watu wakapiga makofi. Wakapisha. Walipisha kwa upendo, hilo silikatai, kila mmoja alikuwa anatabasamu lile tabasamu ambalo watu humpa mtoto anayejifunza kutembea. Akawapita wote, akafika mbele yangu, akanyoosha sahani.

Upawa ulikuwa umeshaingia kwenye sufuria. Nilimwona kwa karibu. Mdomo umeshuka upande mmoja, macho hayana kitu ninachokijua. Nikijaza sahani ile hakuna ambaye angenilaumu hapa duniani. Na nilitaka kuijaza, wallahi nilitaka, nilishachagua na pande lenyewe. Lakini nikakumbuka gari, na mbuzi kwenye buti.

Nikatoa upawa. Nikasema kwa sauti ya mtu anayeomba apishwe apite, jinsi nilivyomsikia akisema miaka yote:

"Matroni, mstari unaanzia kule nyuma."

Makofi yakafa. Mshereheshaji akashusha kipaza sauti. Wegesa akatoka mbio kwenye meza kuu, "Baba Neema! Unamfanyiaje mgonjwa hivi? Mbele za wakwe!" na mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akasema hajawahi kuona mtu asiye na haya kama mimi. Upawa ulikuwa bado hewani, mchuzi ukidondokea kitambaa cha meza.

Matroni aliendelea kunitazama. Halafu upande ule wa mdomo unaofanya kazi ukapanda kidogo.

"Umechelewa," akasema. "Nimeshawapita mpaka wakwe."

Akairudisha sahani kwapani, akageuka. Wegesa akataka kumshika mkono, akamwondoa kwa kiwiko. Akaanza kurudi, fimbo na mguu, fimbo na mguu, na kila aliyemfikia alimwambia, "Bibi kaa hapa mbele yangu," naye akatikisa kichwa, mpaka akafika kule karibu na jenereta, nyuma ya watu waliokuja na lori. Kama alikuwa ananipima, au kichwa kilikuwa kimemtoka kweli na mimi nikamrudishia, sijui. Sikumuuliza, na hata ningemuuliza asingeniambia.

Nilipakua. Nilipakua vibaya, naogopa kama siku ya kwanza, nikihesabu kwa macho vilivyobaki na watu waliobaki. Nyama ilishuka, ikafika chini, nikavuta bakuli. Watu wa lori wakapita, wote na nyama. Mwishoni nikasikia fimbo.

Akaweka sahani mezani. Katika bakuli yalikuwa yamebaki mapande mawili. Nikamwekea moja. Hakuondoka. Akalitazama bakuli, kisha akazungusha shingo taratibu, upande ule mzima, akatazama nyuma.

"Nyuma yangu kuna mtu?"

"Hakuna, mama. Wewe ndiye wa mwisho."

"Umeangalia vizuri? Mtu wa jenereta?"

"Ameshakula."

Akavuta kiti cha plastiki kilichokuwa pale, akakaa mbele ya meza, mbele yangu, akaegemeza fimbo.

"Basi weka na hilo," akasema.

Nikaweka. Akala yote mawili palepale, taratibu, na mimi nikamshikia sahani isiteleze.